Maswali ya Wasomaji: Kwaya Inaniacha Kati ya C na G

Barua nilizochagua mwezi huu ni nne, na zote zinauhusu mkono wa kushoto. Kabla sijazijibu niweke sawa msamiati. Ninapoandika "kodi" nakusudia sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, si ile anayoidai mwenye nyumba. "Freti" ni vile vyuma vyembamba vilivyopandwa kwenye shingo ya gita, na kubonyeza freti ya tatu maana yake ni kuweka kidole nyuma kidogo ya chuma cha tatu, si juu yake. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio upande wa magoti yako, na wa sita ni ule mnene ulio upande wa kidevu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa kwaya hapa Iringa, na gita nimelishika kwa mara ya kwanza miezi minne iliyopita. Kodi za C, F na G nazijua, na nikipewa muda wa kuzipanga zinalia vizuri. Tatizo langu ni kuhama. Kwaya ikianza kuimba, kila ninapotoka C kwenda G wenzangu wanakuwa wameshamaliza neno na kuingia jingine, nami bado nautafuta uzi wa sita. Kiongozi wetu ananiambia nifanye mazoezi zaidi, na kweli kila jioni nafanya saa nzima, lakini sioni tofauti. Je, vidole vyangu ni vizito, au kuna kitu sikifanyi?*
*Mpiga gita wa kwaya, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Vidole vyako si vizito, na hesabu ndogo itakuonyesha hivyo. Wimbo unaokwenda kwa mapigo 80 kwa dakika humpa mpigaji robo tatu ya sekunde kwa kila pigo, na hata ukitumia nusu tu ya pigo hilo kuhamia kodi nyingine, bado una zaidi ya theluthi ya sekunde mkononi. Kidole kinachoandika ujumbe kwenye simu hufanya safari ndefu kuliko hiyo kwa muda mfupi kuliko huo. Kwa hiyo tusitafute kasi. Tutafute ni wapi muda wako unapotelea.

Nadhani mazoezi yako ya jioni yako hivi, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa yangu: unaipanga C, unaipiga mara nane au kumi ukifurahia inavyolia, unainua vidole vyote, unainama kutazama shingo ya gita, unapanga kidole kimoja kimoja hadi G ikamilike, kisha unaipiga nayo mara kumi. Katika saa hiyo, sehemu kubwa kabisa umeitumia kukaa juu ya kodi ambazo tayari unazijua, na dakika chache sana kufanya kile ambacho hukijui, yaani kutoka hapa kwenda pale. Kiongozi wako anasema kweli kwamba mazoezi yanahitajika, ila hakukuambia mazoezi ya nini. Njia iliyo kati ya C na G ni somo linalojitegemea, na huwezi kujifunza njia hiyo kwa kuzijua tu vizuri nyumba mbili zilizo kwenye ncha zake.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Kwenye C, kidole cha pete kiko uzi wa tano freti ya tatu, cha kati kiko uzi wa nne freti ya pili, na cha shahada kiko uzi wa pili freti ya kwanza. Sasa, wanaoanza wengi hufundishwa kuipanga G kwa kidole cha kati kwenye uzi wa sita, cha shahada kwenye uzi wa tano, na cha pete kwenye uzi wa kwanza, na sina shaka wewe ni mmoja wao. Fuatilia uone kinachotokea: kidole cha shahada kinatoka uzi wa pili hadi wa tano, cha pete kinatoka uzi wa tano hadi wa kwanza, nacho cha kati kinarukia wa sita. Vidole vitatu vinapishana njiani kama abiria wanaoshuka na wanaopanda daladala kwa mlango mmoja. Si ajabu kwaya inakuacha kituoni.

Ipange G kwa namna nyingine. Kidole cha pete kiende uzi wa sita freti ya tatu, cha kati uzi wa tano freti ya pili, na kidole kidogo kabisa uzi wa kwanza freti ya tatu. Ukitoka C, pete na kati vinasogea uzi mmoja tu kwenda juu, kwenye freti zilezile, bila kuachana, na wakati huohuo shahada kinainuka na kidole kidogo kinashuka. Kuna jambo jingine linalonifurahisha hadi leo kila ninapomwonyesha mwanafunzi mpya. Ukiwa kwenye C, sogeza jozi hiyohiyo ya pete na kati uzi mmoja kwenda chini, pete kwenye uzi wa nne na kati kwenye uzi wa tatu, na kidole cha shahada ukiache palepale kilipo kwenye uzi wa pili. Hiyo ni F nyepesi, ambayo utaipiga kuanzia uzi wa nne, na usipoutaka ule ulaini unaoongezwa na uzi wa kwanza ulio wazi, usiuguse. Wewe ni mtu wa kwaya na notisheni ya sol-fa unaijua: C ikiwa do, F ni fa na G ni so. Jozi moja ya vidole, kwenye freti zilezile mbili, inapanda na kushuka ngazi yenye vidato vitatu, nawe umepata kodi tatu zinazotosha kusindikiza pambio zisizo na idadi.

Utalalamika kwamba kidole kidogo hakina nguvu. Ni kweli, na kwa wiki mbili za kwanza uzi wa kwanza utakuwa unakoroma au haulii kabisa. Uache ukorome, kwa kuwa G isiyo na sauti ya uzi mmoja inayoingia kwa wakati ni bora mara kumi kuliko G kamili inayofika kwaya ikiwa imeshavuta pumzi ya mstari unaofuata. Wala upangaji ule wa zamani si kosa, na usiutupe. Siku utakayotoka G kwenda D utakufaa, kwa sababu hapo kidole cha pete husogea kutoka uzi wa kwanza hadi wa pili tu, kwenye freti ileile. Mpigaji mzoefu huchagua vidole vya kodi aliyopo kwa kuiangalia kodi inayofuata.

Baada ya njia, nguvu. Anayeanza hubana nyuzi kama anayezuia mtungi usianguke, na kidole kilichobana sana huchelewa kuachia. Fanya jaribio hili: ipange C, lakini ziguse nyuzi kwa wepesi kiasi kwamba ukizipiga hazitoi sauti. Endelea kupiga polepole huku ukiongeza uzito kidogo kidogo hadi sauti itoke safi, kisha simama hapo. Uzito huo ndio wote unaohitajika, na karibu kila mtu hushangaa ulivyo mdogo. Hupungua tena ukikisogeza kidole karibu na chuma cha freti, na hupungua zaidi ikiwa gita lenyewe halikuonei. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na chuma cha freti ya kwanza. Iwe nyembamba kama karatasi. Ikiwa ni kubwa, kidaraja cha juu kinachoshikilia nyuzi kichwani mwa gita hakijachongwa vya kutosha, na freti ya kwanza itakutesa bila kosa lako. Kwenye freti ya 12, gita la nyuzi za chuma linalopigika vizuri huwa na nafasi ya milimita 2 hadi 3 hivi kati ya uzi wa sita na chuma. Fundi anayejua kazi yake hurekebisha mambo hayo, na ninaona ni heri fedha ya gita jipya ianzie kwake. Halafu usiliache gita ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto hulegeza gundi ya daraja na nyuzi zikapanda tena.

Sasa mazoezi yenyewe. Kwa siku tatu za mwanzo usipige kabisa. Weka C, legeza, inua vidole vyote kwa pamoja unene wa kidole mmoja tu kutoka kwenye nyuzi, kisha virudishe vyote kwa pamoja. Vikizoea kutua kama miguu ya ndege badala ya kimoja kimoja, anza kusafiri kutoka C hadi G kwa mwendo wa kinyonga, ukitazama ni kidole gani kinachelewa. Mara nyingi ni cha pete, na hakina lawama, kwa kuwa kano zake zimeungana na za vidole jirani kuliko vingine. Ukishamjua mchelewaji, mtangulize yeye kwa makusudi, na wengine watafuata.

Ndipo uichukue metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, ambayo siku hizi hupatikana bure kwenye simu, uiweke kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga C mara moja tu kwenye pigo la kwanza, na mapigo matatu yanayobaki yatumie kuhama, ili pigo la kwanza la mzunguko unaofuata likukute kwenye G. Ikikaa vizuri, piga kwenye pigo la kwanza na la pili na uhame katika mawili yaliyobaki. Kisha piga matatu, kisha yote manne. Unaona tunachofanya: metronomu haijaongezwa hata kidogo, ila nafasi ya kuhama imeendelea kubanwa. Ikifika hapo bila kukatika, ongeza mapigo matano, na ukivurugika rudi nyuma kumi bila aibu. Kipimo kingine unachoweza kukitumia mara moja kwa siku ni kuhesabu unahama mara ngapi kati ya C na G ndani ya dakika moja na kuandika idadi ukutani. Ukifika 30 utaanza kuwasikia wenzako, na ukifika 60, yaani mara moja kwa kila sekunde, hawatakuacha tena kwa wimbo wa kawaida. Usikifanye mara nyingi zaidi ya hapo kwa siku, maana mtu anayekimbiza idadi huanza kupiga kodi chafu ili ahesabiwe.

Saa yako moja ya jioni igawe. Robo saa asubuhi kabla ya kazi na robo saa jioni, ukiwa na akili iliyotulia, zitakufikisha mbali kuliko saa nzima ambayo nusu yake vidole vinauma nawe unarudia makosa yaleyale hadi yanakuwa mazoea.

La mwisho kwako ndilo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote: mkono wa kulia hausubiri. Sasa hivi, ninavyokuelewa, mkono wa kushoto ukichelewa wa kulia nao unasimama kuungoja, na hapo ndipo wimbo unapovunjika. Uache mkono wa kulia uendelee kushuka na kupanda hata kama chini yake hakuna kodi iliyokamilika. Wapigaji wazoefu huinua vidole kabla ya pigo jipya, na lile pigo la kupanda la mwisho huangukia nyuzi zilizo wazi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu sikio la msikilizaji limeshika mwendo, si kila sauti. Jumapili ijayo, ikibidi uchague kati ya kuchelewa na kupiga nyuzi tupu kwa nusu pigo, piga nyuzi tupu.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mombasa, na nimejinunulia gita la nyuzi za nailoni ili nijifunze taratibu nyumbani. Nimekwama kwenye F ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote. Mikono yangu ni midogo, na nikimaliza dakika kumi kiganja kinauma. Je, niiache?*

Wa alaykumu salaam, mama. Iache kwa sasa, utumie ile F nyepesi niliyomweleza kijana wa Iringa, lakini usiiage kabisa. Gita la nailoni huwa na shingo pana, kwa kawaida milimita 52 hivi pale kichwani, wakati la nyuzi za chuma huwa na milimita 43 au 44, kwa hiyo mkono mdogo unafanya kazi zaidi juu ya gita lako ingawa nyuzi zake ni laini kwa ngozi.

Kosa linalouma kiganja ni kudhani kwamba kidole kilicholala lazima kibane nyuzi sita kwa nguvu sawa. Hebu tazama: uzi wa tano, wa nne na wa tatu vinabonyezwa na vidole vingine mbele yake. Kidole cha shahada kinawajibika kwa uzi wa sita, wa pili na wa kwanza tu. Kigeuze kidogo kilalie ubavu wake ulio upande wa gumba, penye mfupa, kikaribie chuma, na uuvute mkono wote nyuma kwa uzito wa kiwiko badala ya kuminya kwa gumba. Zaidi ya hayo, usianzie freti ya kwanza, ambako uzi ni mgumu kuliko mahali pengine popote kwa sababu uko karibu na kidaraja. Umbo hilohilo lipeleke freti ya tano, ambako linaitwa A, na likikubali huko shuka freti moja kila wiki: ya nne, ya tatu ambayo ni G, ya pili, hadi F. Dakika tatu kwa mkupuo zinatosha. Maumivu ya ncha za vidole yavumilie, ila ya kiganja na kifundo cha mkono ni amri ya kuliweka gita chini siku hiyo.

*Baba yangu mdogo hapa Lubumbashi anapiga gita kwa gumba na kidole cha shahada tu, na mkono wake wa kushoto hauipangi kodi nzima hata siku moja, bali anagusa nyuzi mbili au tatu. Lakini hachelewi kamwe. Mimi ninayefuata kitabu napanga kodi zote na nachelewa. Nani anakosea?*

Hakuna anayekosea, lakini kaa karibu na baba mdogo zaidi kuliko na kitabu. Anachokifanya ni urithi wa Katanga. Mpiga gita Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alipiga kwa vidole viwili hivyo hivyo: gumba likishika besi na shahada kikiimba juu yake. Katika upigaji wa aina hiyo kodi hailii yote kwa mara moja, bali hulia uzi baada ya uzi, kwa hiyo mkono wa kushoto una ruhusa ya kukiwahisha kidole kinachohitajika sasa na kukiacha kingine kifike nusu pigo baadaye. Anayecharaza nyuzi zote kwa mpigo mmoja hana ruhusa hiyo.

Unachoweza kujifunza kwake hata ukiendelea kucharaza ni utaratibu wa kuwasili. Gumba lake linapiga nini kwanza? Uzi wa besi: wa tano kwa C, wa nne kwa F, wa sita kwa G. Basi nawe kizoeze kidole kinachoshika besi kitue mapema kuliko vyote, uupige uzi huo peke yake kwenye pigo la kwanza, na nyuzi nyembamba zifuate kwenye pigo la pili zikiwa zimeshapata vidole vyake. Umejinunulia pigo zima. Waliopiga gita la kati katika bendi za dansi na rumba wanaujua ujanja huu, japo wengi wao hawakufundishwa na mtu, waliuona tu kwa waliowatangulia jukwaani.

Nina ombi moja: mwombe akupigie polepole nawe utazame mkono wa kushoto peke yake, bila kusikiliza wimbo. Utaona jinsi vidole visivyo na kazi vinavyobaki vikielea juu ya nyuzi, karibu kabisa, badala ya kunyooka hewani kama vya mtu anayeapa.

*Mwimbishaji wetu hapa Mwanza huanzisha nyimbo katika D, mara nyingine E. Mimi nahama vizuri kati ya C, F na G tu. Nimeshauriwa ninunue kapo, lakini rafiki yangu anasema kapo ni ya wavivu.*

Inunue. Kapo ni kibanio kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja kwenye freti moja. Ukiibana kwenye freti ya pili, maumbo yako ya C, F na G yatalia D, G na A, na ukiibana ya nne utapata E, A na B. Tena huko juu freti zimekaribiana na nyuzi ziko chini zaidi, kwa hiyo hata kuhama kunakuwa kwepesi, jambo ambalo rafiki yako huenda hajalijaribu. Ibane karibu na chuma, si katikati ya nafasi, na kabla kwaya haijasimama kagua tuni upya, kwa sababu kapo huvuta nyuzi kidogo na sauti ikapanda.